Mlango Kati ya Gitaa na Tenzi: Koboko na Historia ya Mwimbaji wa Kantri Anayerekodi Injili

Mwimbaji wa kidunia anapotangaza kwamba albamu yake ijayo itakuwa ya injili, maneno ya watu hugawanyika pande mbili. Wapo wanaosema ameokoka, na wapo wanaosema soko limemtupa na sasa anatafuta mkate madhabahuni. Pande zote mbili zinakubaliana jambo moja bila kulitamka: kwamba alikotoka na anakokwenda ni nchi mbili mbalimbali, na kati yake pana mpaka. Mimi nasema kwamba, kwa upande wa muziki wa kantri na nyimbo za injili zinazoimbwa makanisani mwetu, mpaka huo ulichorwa baadaye sana, na waliouchora hawakuwa waimbaji. Nyimbo zenyewe zilizaliwa nyumba moja. Nataka kuionyesha hoja hiyo kutokea Koboko, mji unaojua mipaka kuliko miji mingi ya Afrika Mashariki.

Koboko iko kwenye kona ya kaskazini-magharibi ya Uganda, yapata kilomita 55 kwa barabara kutoka Arua. Ukiendelea mbele unafika Oraba, na ng'ambo yake ni Kaya, Sudan Kusini. Ukigeukia magharibi, si mbali, uko Kongo. Wakakwa, wenyeji wa eneo hili, wamegawanyika katika nchi hizo tatu: wako Koboko, wako upande wa Yei, wako upande wa Aba. Sokoni husikika Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kiarabu cha Juba, Kilingala na Kiswahili, na si ajabu mchuuzi mmoja kuvitumia vyote kabla ya jua kutua. Mistari ya mipaka hiyo ni ya juzi. Sehemu kubwa ya eneo hili ilikuwamo katika Lado, ardhi ambayo Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliishika mpaka alipofariki Desemba 1909. Mwaka 1910 ikakabidhiwa Sudan iliyokuwa chini ya Waingereza, na mwaka 1914 kipande cha kusini, ndicho West Nile, kikaingizwa Uganda. Koboko yenyewe ilihesabiwa ndani ya wilaya ya Arua mpaka ilipopata wilaya yake mwaka 2005. Watu wamevukishwa mipaka hata pale ambapo hawakuinua mguu, na nyimbo zao vivyo hivyo.

Injili ya Kiprotestanti ilifika Arua mwaka 1918, wamisionari wa Africa Inland Mission walipojenga kituo chao Mvara. Wakatoliki walikuwa wametangulia: wamisionari wa Komboni walifika kwa Waalur, pale Omach, mwaka 1910. Nitawarudia Wakatoliki, maana wana jambo lao kubwa katika habari hii, lakini kwanza tubaki Mvara. Misheni ya AIM ilianzishwa Marekani mwaka 1895 na Peter Cameron Scott, na kitovu chake Afrika Mashariki kilikuwa Kijabe, Kenya. Hapo Kijabe ndipo Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, aliweka jiwe la msingi la jengo la shule Agosti 1909, miezi michache kabla ya kwenda kupiga kambi West Nile kuwinda vifaru weupe. Mahali hapo pangali panaitwa Rhino Camp. Wamisionari wa Mvara, Wamarekani kwa Waingereza, walikubali kufanya kazi chini ya maaskofu wa Kianglikana, ndiyo maana kanisa lililokua kutokana na kazi yao ni Kanisa la Uganda. Hata hivyo moyo waliokuja nao ulikuwa wa mikutano ya uamsho, na mikutano hiyo ilikuwa na nyimbo zake.

Kisima cha nyimbo hizo kinajulikana. Mwaka 1873 mhubiri wa Marekani, Dwight Moody, alivuka bahari kwenda Uingereza akiwa na mwimbaji wake Ira Sankey, ambaye aliimba huku akijipigia kinanda kidogo. Kijitabu cha nyimbo walichokitoa huko kilizidi kunenepa toleo baada ya toleo mpaka kikafikisha nyimbo 1,200. Watunzi walikuwa watu kama Fanny Crosby, mama kipofu wa New York, ambaye peke yake alitunga zaidi ya nyimbo 8,000. Zilitungwa kwa ajili ya watu wasiojua kusoma noti na wengine wasiojua kusoma kabisa: beti fupi, kiitikio kinachorudi mpaka mgeni akishike, habari ya msafiri aliye mbali na nyumbani, mama anayeomba, mto wa kuvuka, ng'ambo yenye mwanga. Mpiga gitaa anayejua mikao mitatu tu ya vidole huweza kuzisindikiza takriban zote. Msomaji wa Kiswahili anazijua hata kama hajui kwamba anazijua. Afungue Tenzi za Rohoni. Sehemu kubwa ya kitabu kile imetoka kisima hicho. Ndizo zilizotafsiriwa kwa Kilugbara na Kikakwa, ndizo zilizofundishwa watoto wa shule za misheni kabla hawajashika kalamu sawasawa.

Sasa tuvuke bahari twende Bristol, mji ulio mpakani mwa majimbo ya Tennessee na Virginia, mji wa mpakani kama Koboko. Kati ya tarehe 25 Julai na 5 Agosti 1927, Ralph Peer wa kampuni ya santuri ya Victor alifunga mitambo yake pale na kurekodi watu wa milimani, nyimbo 76 kwa jumla. Hapo ndipo familia ya Carter na Jimmie Rodgers waliposikika kwa mara ya kwanza kwenye santuri, na wanahistoria wengi wa muziki huzihesabu siku hizo kuwa kuzaliwa kwa kantri kama biashara. Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba foleni ileile ya kusubiri kurekodi ilikuwa na wahubiri. Alikuwamo Alfred Karnes, mhubiri mwenye gitaa lake, na alikuwamo Ernest Phipps pamoja na waumini wenzake wa kanisa la utakatifu. Familia ya Carter wenyewe, katika miaka iliyofuata, walirekodi nyimbo za kanisani bega kwa bega na nyimbo za mapenzi na za treni, wala hawakuona haja ya kumwomba mtu radhi. Hakukuwa na albamu ya injili kwa sababu hakukuwa na haja ya kuitenga injili. Ziweke tarehe mbili hizi pamoja: Mvara 1918, Bristol 1927. Nyimbo za mikutano ya uamsho zilianza kuimbwa Arua miaka tisa kabla ya siku zile za Bristol. Kwa hiyo anayedai kwamba muziki wa kantri uliletwa huku kama mgeni asiye na ndugu anapaswa kueleza kwa nini mjomba wake alikuwa tayari ameketi kanisani.

Ndugu hao wawili, tenzi na kantri, walikuja kwa njia mbili, mmoja kwa mmisionari na mwingine kwa gramafoni. Ushahidi mzuri kuliko wote wa njia ya pili haupo Uganda, upo Kenya, na unastahili tusimame kidogo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi huko Kapkatet wasichana wa Kikipsigis wakiimba kwa kusindikizwa na ala ya nyuzi yenye sanduku la ngozi. Wimbo waliouimba ulimhusu kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu nusu paa. Chemirocha ni Jimmie Rodgers. Santuri zake zilikuwa zimefika vijijini, sauti yake ya kupanda na kushuka kooni ikawashangaza wasikilizaji, nao wakampa jina la kwao, sura ya kwao na nyuzi za kwao. Rodgers alikuwa amekufa kwa kifua kikuu tangu Mei 1933 bila kuwahi kukanyaga Afrika. Watu wengi husimulia habari ya Chemirocha kama kichekesho cha wanakijiji walioduwazwa na mashine. Mimi naiona kama ushahidi wa ufundi: wasichana wale hawakumwiga Rodgers hata kidogo, walimkaribisha. Walichukua mtu wa kantri wakamwingiza katika muziki wao kwa masharti yao. Watu wa Afrika Mashariki wamekuwa wakifanya hivyo na nyimbo za kigeni kwa karne nzima, na makanisa ya West Nile hayakufanya tofauti.

Baada ya gramafoni ikaja redio. Uganda ilianza kuwa na utangazaji wake mwaka 1954, na muongo uliofuata ulikuwa wa Jim Reeves. Mtu huyu wa Texas, mwenye sauti nzito ya upole, alipendwa katika Afrika yetu pengine kuliko alivyopendwa na baadhi ya majirani zake. Afrika Kusini alikwenda mwenyewe na hata kurekodi kwa Kiafrikana. Mwaka 1962 alitoa albamu ya nyimbo za injili, We Thank Thee. Hakuwa wa kwanza. Tennessee Ernie Ford alitoa albamu ya tenzi mwaka 1956, Johnny Cash akatoa yake mwaka 1959, Elvis Presley mwaka 1960. Kufikia wakati huo kantri ilikuwa imekwisha kuwa mali ya vilabu, ya baa na ya kumbi, na kampuni za santuri zilikuwa zimezoea kutenga rafu: huku nyimbo za mapenzi, kule nyimbo za Mungu. Albamu ya injili ilizaliwa kutokana na mtengano huo. Ilikuwa njia ya mwimbaji kurudi kwa nyimbo alizolelewa nazo. Na hapa ndipo msikilizaji wa Koboko alipokuwa na faida asiyokuwa nayo msikilizaji wa London. Redio ilipopiga injili ya Reeves, msikilizaji aliyekulia katika kanisa la Mvara au matawi yake hakusikia kitu kigeni. Alisikia nyimbo za ukoo uleule wa zile za Jumapili, ila safari hii zikiwa na gitaa, na kwa Kiingereza. Ndiyo siri ya kantri ya Jumapili ambayo vituo kadhaa vya redio vya Uganda na Kenya vingali vinaipiga mpaka leo. Mtangazaji huenda haijui sababu. Sikio la msikilizaji linaijua.

Pingamizi la kwanza ni zito, na linatoka kanisani kwenyewe. Kama nyumba ni moja, kwa nini wazee wa kanisa walilichukia gitaa? Kwa nini kijana wa kwaya alifukuzwa kwa kuonekana kwenye dansi? Jibu liko katika historia ya uamsho. Uamsho wa Afrika Mashariki, ule wa Balokole, uliwaka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, na mwishoni mwa miaka ya 1940 wahubiri wake waliotoka Buganda walifika Arua. Wafuasi wao wakali walihubiri sokoni na kwenye vilabu vya pombe kwa vipaza sauti vya bati, hata wakaitwa wapiga tarumbeta. Walikataa pombe, wakakataa tumbaku, wakakataa ngoma, na kila kilichosimama karibu na pombe kilihukumiwa pamoja nayo. Ngoma za mapembe za agwara, ambazo Walugbara, Wakakwa na Waalur walizijua kwa sherehe zao, ziliingia hatiani. Gitaa lilipokuja na kukaa baa, nalo likaingia hatiani. Siwadharau watu hao. Waliona pombe ikila mishahara na nyumba, wakachagua kuwa wakali. Lakini tuangalie walichokuwa wakiimba. Tukutendereza, wimbo uliokuwa alama ya Balokole tangu Kigezi hadi Nyanza, ni tafsiri ya Kiganda ya wimbo wa Kiingereza wa karne ya 19, wa jamii ileile ya nyimbo za Sankey. Kwa hiyo waliouchora mpaka waliuchora juu ya mahali pa kupigia muziki, si juu ya muziki. Walikataa nyumba aliyokaa gitaa, huku wakiimba tenzi za shangazi yake.

Na kwamba mpaka huo ulihusu mahali tu, ushahidi wa wazi ni habari ya adungu. Sasa nawarudia Wakatoliki. Adungu ni kinubi cha Waalur: gogo lililochongwa likafunikwa ngozi, shingo iliyopinda, nyuzi saba, nane, kumi au zaidi. Kiswahili kinaita chombo cha namna hii kinubi, na sura ya neno inaelekeza macho upande wa Nubia, huku watu wa Koboko wakiwa na Kinubi kingine kinywani, lugha ya Wanubi. Ni moja ya mahali pachache ambapo neno hilo linajibu maana zote mbili. Adungu ilikuwa chombo cha kuimbia habari za watu: mapenzi, misiba, sifa na masimango, mara nyingi penye pombe. Kwa vipimo vya uamsho ilistahili kubaki nje. Lakini tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya liturujia, iliyofungua mlango kwa muziki wa asili wa mataifa, na mwaka uliofuata, watakatifu wafia dini wa Uganda walipotangazwa, Roma ilisikia utenzi mkubwa juu yao wa Joseph Kyagambiddwa, uliotungwa kwa misingi ya muziki wa Kiganda. Katika parokia za West Nile adungu iliingia kanisani na kukaa. Vinubi vidogo vikaongoza, vya kati vikajaza, na vile vikubwa vinavyokaa sakafuni vikapiga sauti ya chini kama besi ya bendi. Kutoka kwa Waalur ikaenea kwa Walugbara, kwa Waacholi, mpaka shule na parokia za Buganda. Leo mtoto wa Uganda anaweza kukua akidhani adungu ni chombo cha misa. Kizazi kimoja au viwili vilitosha kukitoa chombo penye mtungi na kukifikisha penye altare. Gitaa linalohukumiwa kwa kukaa baa lina kaka mkubwa aliyekwisha kusamehewa.

Wako watakaosema: adungu ni yetu, kantri si yetu, kumpa mwimbaji wa Koboko ruhusa ya kurekodi injili kwa mtindo wa kantri ya Nashville ni kumpa ruhusa ya kujisahau. Pingamizi hili nalipa heshima kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu lina ukweli wa kitaalamu ndani yake. Kilugbara na Kikakwa ni lugha za toni. Neno likipandishwa pale linapopaswa kushuka, huweza kuwa neno jingine. Tuni ya Sankey haikujua hilo. Ilipanda na kushuka kwa matakwa yake, na mfasiri akalazimika kulikunja neno lifuate tuni. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho ya Uganda tangu 1948 na kurekodi muziki wa nchi nzima, aliandika juu ya mgongano huu katika tenzi za Uganda. Kosa hilo lipo, na limeumiza mashairi mengi. Lakini kosa ni la kutafsiri, na dawa yake ni kutunga upya, kazi ambayo mtu anayejua gitaa na anayejua lugha yake ndiye anayeiweza. Adungu yenyewe haikuingia kanisani bila kubadilika: ya bendi za kanisani kwa kawaida hufungwa nyuzi kwa ngazi ya sauti saba ya Kizungu ili ilingane na kwaya. Hakuna aliyesema si yetu tena. Na huko kwao Wazungu, wimbo uletao heshima kuliko zote mara nyingi ni wa shambani. Ule wimbo maarufu wa kustaajabia kazi za Mungu, ambao karibu kila kanisa la Kiswahili huuimba mazishini, ulitungwa na Mswidi Carl Boberg mwaka 1885 na kuimbwa kwa tuni ya watu wa mashambani wa kwao. Mmisionari Stuart Hine akaupa maneno ya Kiingereza. Elvis Presley akaurekodi, na tuzo tatu za Grammy alizoshinda maishani mwake zote zilikuwa za injili, mbili kati yake zikitokana na wimbo huo. Tuni ya mkulima wa Uswidi, mdomoni mwa mwimbaji wa Tennessee, kinywani mwa waombolezaji wa Afrika. Anayetaka wimbo usio na safari atakaa kimya.

Kuna kipindi kimoja ambacho kilimzuia mwimbaji wa Koboko kufanya yaliyofanywa kwingine, na hakikutokana na muziki. Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa na ambaye Koboko ilihesabiwa kuwa kwao, aliupenda muziki kwa dhati. Filamu ya Barbet Schroeder ya mwaka 1974 inamwonyesha akipiga kodiani. Lakini utawala wake uliyaumiza makanisa vibaya. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na aliyeshika kiti chake alikuwa Silvanus Wani, Mkakwa, mtu wa kabila la Amin mwenyewe, aliyelazimika kulichunga kanisa katika miaka yake mibaya kuliko yote. Septemba mwaka huohuo Amin alipiga marufuku madhehebu na makundi ya dini 27. Mengi yalikuwa ya Kipentekoste au ya kiinjili, yaani yaleyale ambayo mahali pengine Afrika yalikuwa yanaliingiza gitaa la umeme ibadani. Kisha, alipoanguka Amin mwaka 1979, kisasi kikawaangukia watu wa West Nile. Tangu Oktoba 1980 walikimbia kwa makundi makubwa kuingia Zaire na Sudan. Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa hapohapo. Barbara Harrell-Bond ameandika kitabu kizima juu ya makambi ya upande wa Yei. Waliokimbilia Zaire waliishi kati ya makanisa yaliyotokana na AIM ileile, ambako kwaya na gitaa vilikuwa vimekwisha kuoana, na nje ya kanisa rumba ilikuwa hewa ya kuvuta. Waliporejea nyumbani katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 hawakurejea na masikio waliyoondoka nayo. Nyimbo za injili zenye gitaa la Kikongo zinazosikika leo kati ya Koboko na Ariwara, upande wa Kongo, zina historia hiyo ndani yake, historia ya watu waliojifunza kumwimbia Mungu ugenini.

Linabaki lile neno la soko, na sitaki kulikwepa. Ni kweli injili huuza. Albamu ya tenzi ya Tennessee Ernie Ford ilikaa kwenye orodha ya Marekani ya albamu zinazouzwa sana kwa majuma 277. Lakini ushahidi haupo upande mmoja. Johnny Cash alipokwenda kwa Sam Phillips pale Memphis katikati ya miaka ya 1950, alitaka kuimba injili, na Phillips akamkatalia kwa sababu aliona haiuziki; Cash alihamia kampuni nyingine mwaka 1958, na kukataliwa huko kulikuwa moja ya sababu. Kwetu, Joseph Kamaru, aliyekuwa juu kabisa katika muziki wa Kikikuyu, alitangaza mwaka 1993 kwamba ameokoka, akaivunja bendi yake, akaanza kuimba injili; aliacha kilichokuwa kinamlisha. Remmy Ongala, mtoto wa Kindu aliyeitikisa Dar es Salaam kwa Super Matimila na kupelekwa na nyimbo zake hadi Ulaya, naye katika miaka yake ya mwisho alihamia nyimbo za dini kabla ya kufariki Desemba 2010. Katika nyimbo zake za dansi Remmy alikuwa amehubiri juu ya kifo, umaskini na unyonge kuliko mapadri wengi. Nani ataniambia alianza lini kuimba mambo ya roho? Mkono mtupu haulambwi, na mwimbaji ana watoto kama sisi. Kuuza hakumfanyi mwongo. Kwaya ya parokia nayo huuza kaseti zake kwenye mlango wa kanisa.

Koboko ina Waislamu wengi, na huenda msomaji akauliza wanaingia wapi katika habari hii ya tenzi na makanisa. Wanaingia kwa swali lenyewe. Wanubi na Wakakwa Waislamu wana kasida na maulidi yao, na mjadala wa ala gani inaruhusiwa na ipi ni haramu wameufanya muda mrefu kuliko Wakristo wa Mvara. Habari hiyo inataka mwandishi wake.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Mwimbaji wa kantri anayerekodi injili, awe Nashville au awe chumba cha kurekodia cha mabati huko Koboko, anafungua mlango wa ndani ya nyumba moja. Wenye haki ya kumkosoa ni wale watakaouliza kama ameimba vizuri, kama maneno yake yameheshimu toni za lugha yake, na kama anachokisema kina uzito. Swali la alikotoka lilijibiwa mwaka 1927, na Arua mapema zaidi.

Jambo moja linanisumbua kuliko pingamizi zote. Rekodi za Chemirocha zilikaa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, na zilirudishwa kwa Wakipsigis mwaka 2015, miaka 65 baada ya kuchukuliwa, wakiwapo wachache tu wa kuzikumbuka. Kaseti za kwaya na wapiga gitaa wa Koboko, Aba na Yei hazina hata maktaba ya kuzingoja. Ziko kwenye masanduku chini ya vitanda, utepe wake unashikana kwa joto, na waliorekodiwa wanazeeka. Makerere kuna hifadhi ya muziki yenye jina la Wachsmann, na Chuo Kikuu cha Muni kiko Arua hapohapo. Wewe mwenye kaseti nyumbani, iwe ya tenzi au ya dansi, usiitupe na usirekodi juu yake: andika kwenye karatasi jina la mwimbaji, kijiji, lugha na mwaka, uiweke pamoja nayo, kisha uwapelekee wanaoweza kuihamisha kabla haijanyamaza.